Kiu ya Samaki wa Sharmarke

Haya, mjukuu wangu, tegua hiki: nyumba yake ni maji, uhai wake ni maji, na aliyemuua ni maji. Usijibu haraka. Kwa kukosa jibu hilo, Mwelu, mfanyakazi wa nyumbani, alivishwa pingu.

Samaki wa baharini walielea matumbo juu ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa Sharmarke, mtaa wa Mbotela. Mmoja tu, mdogo wa rangi ya chungwa, alilala ubavu akitweta. Sharmarke alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka mazishini Garissa, akaita polisi kabla hajavua viatu.

"Nani aligusa maji haya?" Inspekta Anyango aliuliza.

Kwenye mkeka, Nyanya Ruqiya, mama yake Sharmarke, alizidi kuvuta tasbihi.

"Ni huyu mfanyakazi," Sharmarke alisema. "Nilimgombeza kabla sijasafiri."

"Mikono yako inanuka klorini, Mwelu," Anyango alisema. "Na tangi pia."

"Nimetoka kufua shuka kwa klorini, afande." Kule Mwingi, mwanawe alilishwa na mikono hiyo hiyo.

Mutisya, fundi wa matangi aliyeitwa kutoka Kariobangi, alichovya kipimo. "Klorini imezidi. Lakini chumvi nayo imeshuka sana." Akatia dawa ya kukata klorini, akaanza kubadilisha maji kwa maji ya chumvi aliyokuja nayo, kikombe baada ya kikombe. "Nikiharakisha, hata huyu aliyebaki atakufa."

Anyango aliinamia kioo. "Mwenye chuki angemwaga dawa kidogo, basi. Chumvi isingeshuka. Huyu alimimina maji matamu, yasiyo na chumvi, tena mengi. Mwelu, ya kunywa mnateka wapi?"

"Kwa pipa. Tangu kipindupindu kiingie mtaani tunalitia dawa ya klorini. Bosi mwenyewe aliagiza."

"Jana stima zilikuwepo?"

"Zilipotea mchana kutwa. Mimi nilikuwa kwa foleni ya maji, majirani waliniona."

"Pampu ya tangi ikizima, samaki hewa inawaishia," Mutisya alisema. "Wanakuja juu, midomo wazi."

"Na nyumbani alibaki nani?"

Mwelu alijua. Alijua pia kiapo cha Sharmarke siku ile Nyanya alipounguza sufuria: mama akiharibu kitu kingine, anarudishwa Garissa kwa mjomba, mbali na wajukuu. Akafyata ulimi.

"Basi twende kituoni," Anyango alisema, akamvisha pingu.

Machozi yalimtoka Mwelu bila sauti. Mlangoni, mguu ulikataa kuvuka kizingiti.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani aligusa maji haya?"

Tasbihi ilinyamaza.

"Mfungue mtoto wa watu, binti yangu," Nyanya Ruqiya alisema. "Ni mimi. Niliogopa kurudishwa, nikamwacha abebe lawama. Walinitazama midomo wazi, nikadhani wana kiu. Nikawapa maji safi, yale tunayokunywa sisi."