Mtutu wa Majaribio

Mvukuto wa Mathayo ulikohoa. Haukukwama wala haukuvuja. Ulikohoa kama mtu mwenye kifua kibovu, mchana kweupe, hapa Kilimatinde, na karakana nzima ikanuka baruti.

"Ni vumbi tu," Mathayo alimwambia mkewe, Dorkas.

Vumbi gani! Soko lilikuwa limefanywa huria, majembe ya nje yamejaa minadani, na mhunzi huyu mkaidi, akitafuta chuma cha bure, alikuwa amefukua bunduki ngeni kwenye magofu ya boma. Wajerumani waliiunda kwa majaribio Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea: fupi, mtutu mnene, haifanani na bunduki nyingine za askari wao.

Katika ukoo wa Mathayo, chuma cha vita hakiingii motoni kabla ya kunyunyiziwa unga wa uwele na kuulizwa kimemuua nani. Yeye hakuuliza. Aliukata mtutu, akaufanya bomba la mvukuto. Moto ukawaka kwa ukali, majembe yakatoka mazuri, naye akaanza kukonda.

"Litoe, baba Yasinta," Dorkas alinong'ona kwa hasira. "Linakumaliza."

"Nikilitoa mtakula nini?"

Akavukuta tena, na kikohozi kikawa mkoromo, mkoromo ukawa kilio cha mwanamume aliyefungwa, na harufu ya baruti ikageuka ya nyama inayoungua, mpaka Mathayo akaanguka kando ya moto, mdomo wazi, hapati pumzi.

Dorkas alikimbia kumwita mganga Mughwai. Mzee akanyunyiza unga juu ya bomba. "Wewe ni nani?"

"Mpagazi," bomba likajibu. "Niliwabebea mizigo yao toka Mpwapwa. Wakanifunga mtini, wapime risasi yao inapenya kiasi gani. Nataka kifua changu!"

Dorkas akafoka. "Wafuate Wajerumani! Mume wangu kakukosea nini?"

"Wao waliniua mara moja. Huyu ananipuliza kila asubuhi."

Mughwai akalichomoa bomba kwa koleo, akaenda kulizika magofuni huku akiomba radhi. Karakana ikatulia. Mathayo akapata usingizi.

"Shukuru Mungu, mwanangu, limetoka," Mughwai alisema aliporudi.

Dorkas akamfungua mumewe shati amfute jasho. Chini ya titi la kushoto palikuwa na tundu, kavu, halina damu. Mathayo alipovuta pumzi, upepo uliingilia hapo.