Waya Uliofungwa kwa Plasta

Gari liliwaka mara tisa mfululizo. Mara ya kumi, alipokaa Shemeji kwenye usukani, lilitoa "tik" moja tu, likanyamaza.

"Umeona?" Shemeji alijifuta shingo kwa leso. "Kwako linajifanya lina adabu. Kwangu mimi, linaniaibisha barabarani mchana kweupe."

"Hebu toka, nijaribu mimi."

Fundi akakaa, akazungusha ufunguo. Likawaka.

Fundi huyu wa umeme wa magari hakuamini majini; kwake kila balaa lilikuwa waya. Lakini gari hili lilikuwa la marehemu mdogo wake, mke wa Shemeji, aliyekufa kwa pumu miezi saba nyuma. Msibani Shemeji alilia mpaka akashikiliwa, akirudia maneno yale yale: ningemfikisha hospitali, gari liligoma kuwaka. Kila mtu alimwonea huruma, fundi akiwa wa kwanza. Sasa alitaka kukiona kwa macho yake kitu kilichomuua mdogo wake.

Alilizima, akapima betri; ilikuwa nzima. Akalala chini ya gari, akaufuata kwa vidole waya mwembamba unaopeleka moto kwenye stata, mota ya kuwashia injini, mpaka vidole vikakuta kitu kisicho cha gereji. Waya ulikuwa umekatwa kwa kisu, ukaungwa tena, na kiungo kikazungushiwa plasta ya kidonda. Hakuna fundi anayefunga waya kwa plasta. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa nyumbani, karibu na sanduku la dawa la mgonjwa.

Aliibandua plasta ile. Kisha akauunga waya upya, akautia tepu, akainuka.

"Piga!" alisema.

Gereji hawasemi washa, wanasema piga, yaani piga stata. Marehemu aliijua lugha hiyo. Kabla ya kuolewa ndiye aliyekuwa akikaa kwenye usukani kaka yake akiwa ameinamia injini, na hakugusa ufunguo kabla ya kuuliza kama apige, asije akamkata vidole.

Shemeji alirudi kwenye usukani, akazungusha. Tik. Akazungusha tena. Tik. Ndipo matundu ya hewa yakatoa harufu ya dawa ya kuchua kifua, ile aliyokuwa akijipaka marehemu, na nyuma ya harufu ikaja pumzi nyembamba yenye filimbi, inayovutwa kwa shida na kuachiwa kwa shida, ikatambaa kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye kiti, ikamfika Shemeji sikioni, naye akachomoa ufunguo, akaruka nje, akalizunguka gari akijigonga huku na huku, mpaka mgongo wake ukagota ukutani mbele ya boneti.

"Zima, shemeji," alinong'ona. "Nakuomba, zima."

"Nizime nini? Ufunguo si unao wewe?"

Shemeji alitazama kiganja chake. Ufunguo ulikuwemo.

"Uliukata waya," fundi alisema polepole.

"Alikuwa ameshafunga begi. Nilitaka abaki siku moja tu, tuzungumze. Sikujua kama kifua kitambana."

"Na kilipombana? Kuuunga ni dakika tano."

"Angejua ni mimi," alisema Shemeji, akaanza kulia. "Niliona aibu. Nikasema limegoma."

Ndani ya gari, kwenye kiti kitupu, sauti ya kike ikauliza kwa upole, "Nipige, kaka?"

Gia ilikuwa huru. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Fundi alikuwa na nafasi tele ya kusema acha. Alimtazama yule mtu ukutani, chuki ikampanda, na aliionea raha.

"Piga," alisema.

Gari liliruka. Mbavu zilisikika zikivunjika. Kisha likarudi nyuma lenyewe hatua mbili, likazima. Shemeji aliteleza chini akitafuta hewa, akapata kidogo, akakosa kabisa. Fundi alimwangalia mpaka mwisho bila kuinua mkono.

Shemeji alipotulia, fundi alikwenda mbele ya gari, akachuchumaa kati ya boneti na ukuta amvute kabla watu hawajaja. Alijisikia mwepesi.

"Imetosha, mdogo wangu," alisema. "Nenda ukapumzike."

"Siku ile nilikupigia mara nne, kaka," ilisema sauti bila haraka. "Simu ulikuwa nayo mkononi."

Zile simu fundi hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa amechoshwa na malalamiko ya ndoa yasiyokwisha, akaitazama ikiita, akailaza kifudifudi mezani, akaendelea na kazi.

Alifungua mdomo aseme acha. Lakini safari hii hakuna aliyemuuliza.