Kizibo Kwenye Bomba la Boila

Kila asubuhi Noella Thibodeau alishuka ngazi hadi chumba cha chini kusoma geji ya boila, yaani kipimo cha msukumo wa maji. Boila ndiyo iliyosukuma maji moto kwenye mabomba ya nyumba nzima, na Januari pale Madawaska, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, nyumba isiyo na joto haikaliki hata usiku mmoja. Mama yake alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha karatasi, kwa hiyo kazi ya geji ilikuwa ya Noella. Mshale ukishuka chini ya kumi na mbili, afungue koki ya kujazia maji, asubiri ufike kumi na tano, kisha afunge.

"Usibanduke hapo kabla hujafunga," mama alikuwa akimwambia kila mara, hadi Noella akayakariri maneno hayo.

Jumamosi ile alibanduka. Alifungua koki, simu ikalia jikoni, akapanda kuongea na rafiki yake. Aliporudi, mshale ulikuwa umefika thelathini, na vali ya usalama, inayojifungua yenyewe msukumo ukizidi, ilikuwa ikimwaga maji kwenye sakafu. Akafunga koki haraka, lakini vali haikutulia. Iliendelea kutiririka, na ndoo aliyoitega chini yake ikajaa.

Mama akiona maji haya, nimekwisha, aliwaza. Kwenye sanduku la vifaa kulikuwa na kizibo cha shaba cha mpira wa kumwagilia bustani, kilichotunzwa tangu majira ya joto. Alikifunga kwenye mdomo wa bomba la vali, akakaza kwa nguvu zake zote. Maji yakakoma. Akapiga deki, akajiona fundi kwelikweli.

Boila ikawaka tena. Maji yakazidi kupata moto, yakatanuka, nayo hayakuwa na pa kutokea. Mabomba yakaanza kugonga ukutani.

Noella alikuwa amepanda na kukaa jikoni, ambako Babu Rosaire, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa akichoma ploye, zile chapati za unga wa njano.

"We mtoto, kuna nini huko chini?"

"Hakuna kitu, Babu."

Mabomba yakagonga tena, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Noella. Umegusa kitu?"

"Sijagusa, Babu."

"Basi mzee ashuke mwenyewe na magoti yake mabovu," babu akasema, akacheka, akazima jiko.

Noella alibaki amekaa. Babu alishuka, akakiona kizibo, akajua hatari yake, akakifungua kwa mikono mitupu. Maji yanayochemka yalimrukia mikononi na kifuani. Noella hajasahau ukelele ule mpaka leo.

Alikimbilia swichi nyekundu iliyo juu ya ngazi, akazima boila, akamwita jirani yao, fundi Ouellette. Gari la wagonjwa lilimchukua babu. Fundi alisubiri boila ipoe, akapunguza maji, akafunga vali mpya. Kisha akakiweka kizibo mkononi mwa Noella.

"Vali ile ikivuja inaomba msaada. Wewe umeiziba mdomo. Dakika chache zaidi, nyumba hii ingeruka na wewe ndani. Bomba hili halifungwi kamwe, umenisikia?"

"Ndiyo, Bwana Ouellette," alijibu huku akilia.

Siku tatu baadaye mama alimpeleka Noella hospitali kumwona babu. Mikono ya babu ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni, na vidole viwili daktari alikuwa amevikata. Noella alisimulia yote, tangu simu hadi kizibo, bila kuficha neno. Mama aligeukia dirisha.

Babu alimgeukia mjukuu wake.

"Koki ni kosa la mtoto," alisema. "Ningekugombeza kidogo, tungezima boila, tungekula. Kosa ukilisema mapema linatibika, mjukuu wangu. Ukilificha, linakua, na halichagui wa kumuumiza. Nilikuuliza mara mbili, Noella."

"Ndiyo, Babu. Mara mbili."

Chakula kililetwa. Babu alitazama kijiko, akatazama bandeji zake. Noella akasogeza kiti, akachota supu, akaipuliza ipoe, akaanza kumlisha.