Vidole vya Tecla kwenye Makabati Meupe

Alama ya kwanza ilikuwa kwenye mlango wa kabati la sukari: vidole vinne vyeusi na kidole gumba kilichopinda. Velma aliifuta kwa maji vuguvugu na sabuni, akakausha kwa kitambaa laini, akimlaumu mumewe Weldon kwa mikono michafu ya shambani. Kufika adhuhuri alama ilikuwa imerudi palepale, ikinuka utomvu wa majani chai.

Gumba lile alilijua. Mama mkwe wake, Tecla, alichuma chai miaka arobaini katika vilima vya Bomet, mpaka weusi ukaingia kwenye ngozi usitoke tena. Velma, aliyeolewa kutoka Kisii, alimkataza kugusa makabati yake mapya. Mama wa watu akanywea chai mlangoni, hata siku za mvua ya mawe, mpaka akafa. Roho mbaya ile sijui Velma aliitoa wapi.

Kabla ya alama hiyo, mtoto wa Velma alipozaliwa, wanawake wa ukoo walimzunguka wakitaja majina ya wafu. Desturi ni kwamba jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo la aliyerudi. Walipotaja Tecla, akapiga chafya.

"Huyo hapana," Velma alisema. "Iteni mwingine."

Wakamtaja Edinah, marehemu mwingine wa ukoo. Velma akamtekenya mtoto puani kwa unyoya mpaka chafya ikatoka, akaridhika. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alama zilipojaa milango yote mitano, alimwita Kogo Chepkurui, bibi aliyeongoza ile shughuli ya jina. Bibi alizitazama bila kuzigusa.

"Amesharudi," alinong'ona. "Ako ndani ya huyu mtoto, lakini wewe ulikataa kumwita. Sasa mikono yake imebaki nje."

"Nifanye nini, Kogo?"

"Mwite na jina lake, umwambie karibu jikoni. Na hizo alama usisugue. Ukisugua, ni ngozi ya mtu unasugua."

"Nimkaribishe kwa kabati zangu? Hata!"

Chepkurui alijifunga shuka lake akaenda zake.

Saa nane mchana mvua ya mawe ilipiga mabati, na Velma akachukua magadi na waya wa kusugulia sufuria, akasugua mlango wa kwanza, mtoto akalia chumbani, akasugua wa pili, kilio kikapanda, na kila alipotua kuchovya waya mtoto alinyamaza, na kila alipoanza tena alipiga yowe, na Velma aliyasikia hayo yote, sitamtetea, lakini milango minne ilikuwa imeshakuwa myeupe na umebaki mmoja tu.

"Ngoja, mama anamaliza," alisema.

Alimaliza. Jikoni kukang'aa. Akaenda chumbani na kitambaa mkononi.

Mtoto alikuwa macho, ametulia, amenyoosha mikono abebwe. Viganja havikuwa na ngozi. Gumba la kulia lilikuwa limepinda.

"Tecla," Velma aliita. "Mama Tecla, karibu. Karibu jikoni, nakuomba."

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alimtazama tu Velma aliposimama pale mlangoni. Hakupiga chafya.