Kalisti na Ufagio wa Wapakiaji

Asubuhi ya mtaa wa Kashaulili huanza na ngurumo za mashine za kukoboa mpunga. Jua lilikuwa halijapanda, lakini Kalisti alikuwa amekwisha kunywa uji. Mkewe, Fausta, alipanga vitumbua vya kuuza kwenye kikapu cha baiskeli yake.

"Baba Generosa, leo mnapakia lori la wapi?"

"La Tabora. Kubwa hilo!"

Kalisti alikuwa mpakiaji wa magunia. Mwili alikuwa nao, Mungu ampe nini tena! Jioni alinyanyua vyuma uani kwa rafiki yake Silvester, vyuma vya bomba na makopo yaliyojazwa zege. Pale mtaani hakuna aliyemfikia. Shida yake ilikuwa moja tu, pumzi. Magunia ya mwanzo aliyabeba huku akitania watu. Lori likifika nusu, alihema na hewa haikutosha.

Wapakiaji wa mashine ile walikuwa na desturi yao. Anayekaa juu ya gunia kabla lori halijajaa hupewa ufagio. Habebi tena siku hiyo. Anafagia mchele uliomwagika, na wenzake wanamwimbia.

Siku hiyo Kalisti alikaa. Masele, kiongozi wao, akamletea ufagio kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni zawadi.

"Pokea, mzee wa vyuma! Kifua cha simba, pumzi ya kuku!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kalisti alifagia kichwa chini, aibu ikimchoma. Kazi ilipokwisha, Masele akamvuta pembeni. Sasa hakuwa na utani.

"Mdogo wangu, mpunga wa kule Mamba unakuja. Malori yatafuatana. Ukipewa ufagio tena, nafasi yako nampa mwingine. Nyie wote nawapenda, lakini kundi haliwezi kumbeba mtu."

"Sitaupokea tena," Kalisti alisema. Na alimaanisha.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Silvester. Alichuchumaa na kuinuka na chuma kizito begani mpaka miguu ikatetemeka. Kisha akatoka mbio kwenye barabara ya Litapunga, na mabuti yake ya kazi, kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Kesho yake akafanya vilevile. Alidhani dawa ya kuchoka ni kuchoka zaidi.

Haukupita muda mrefu, goti likavimba. Chuma alichokizoea kikamshinda. Na pumzi? Ilikuwa palepale. Fausta alipomwona anashuka kizingiti kwa kushika ukuta, hakungoja ruhusa yake. Alimwita jirani yao Yustina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini.

Yustina alilishika goti, akalikunja taratibu, akalinyoosha.

"Shemeji, kifua kinauma? Unapata kizunguzungu?"

"Hapana dada. Pumzi tu inakata."

"Hata hivyo, kesho uje upime presha. Mtu anaweza kuonekana fahali, kumbe presha iko juu. Haya, niambie mazoezi yako."

Kalisti alieleza yote. Yustina akatikisa kichwa.

"Vyuma vimekujengea misuli, hilo nakupongeza. Lakini moyo na mapafu vinataka mazoezi yao. Vinataka mwendo wa wastani, wa muda mrefu, bila kusimama."

"Si ndiyo maana nakimbia?"

"Unakimbia na miguu iliyokwisha kuchoka! Mchana gunia, jioni chuma, halafu mbio za mabuti. Goti lipumzike lini? Kwa sasa mbio ziache. Chagua zoezi linaloufanyisha moyo kazi bila kugonga magoti. Uvimbe ukiisha, anza na baiskeli."

Kalisti aliitazama baiskeli ya mkewe ukutani. Ilikuwa ya rangi ya waridi, ina kikapu mbele.

"Dada, ile? Masele akiniona, nimekwisha!"

Fausta akadakia, "Kikapu na ufagio, kipi kina aibu zaidi?"

Kalisti akakubali kwa kichwa.

"Nusu saa, mara tatu kwa wiki," Yustina aliendelea. "Panda siku ambazo hushiki vyuma. Mazoezi hayo yakigongana siku moja, anza na vyuma, kisha baiskeli kidogo. Siku moja pumzika kabisa. Na kula ushibe, ugali na maharage au dagaa."

"Nitajuaje kama nimezidisha?"

"Kipimo ni mdomo wako. Uweze kuongea, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kuongea, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza."

Presha ilikuwa nzuri. Goti lilipotulia, Kalisti akapanda baiskeli. Watoto walimzomea, "Vitumbua! Vitumbua!" Aliumia moyoni, lakini alikanyaga pedali. Kwenye kilima cha kanisa alijaribu wimbo wa Jumapili. Alifika mstari wa pili, sauti ikakatika. Vizuri, akajisemea, mwendo ndio huu. Vyuma hakuviacha, na nguvu zake zikarudi. Siku moja aliimba ubeti mzima kwenye kilima kilekile. Alifurahi sana, kisha akaongeza mwendo.

Mpunga wa Mamba ukaja. Malori yakafuatana. Kalisti alipanda ubao na gunia begani, akashuka, akapanda tena. Lori la mwisho lilipofika nusu, wenzake walianza kumtazama. Mmoja alikwisha kuushika ufagio. Kalisti alihema, lakini pumzi haikukata. Aligeuka kufuata gunia jingine.

Ghafla nyimbo za wapakiaji zikakoma. Masele alikuwa amekaa juu ya gunia, jasho likimtiririka.

Hakuna aliyethubutu kumpelekea kiongozi ufagio. Walipakia mpaka lori likajaa, na gunia la mwisho alilipandisha Kalisti. Ndipo akauchukua ufagio na kumwendea Masele. Masele akanyoosha mikono miwili aupokee. Desturi ni desturi.

Kalisti hakumpa. Alianza kufagia mwenyewe, huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa.

Masele aliinuka kwenye gunia.

"Mdogo wangu," alisema, bado anahema. "Ile baiskeli yenye kikapu, jioni ina kazi?"

"Ina kazi, kaka. Tafuta yako," Kalisti alijibu. "Lakini kesho, twende kwanza ukapime presha."