Mpira wa Njano wa Bi Ummukulthum

Kila asubuhi Siham alimwamsha mama yake kwa salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

Kisha kazi ilianza. Siham alimshika mama makwapani, akamwinua kitandani. Alimpeleka chooni huku amemkumbatia, akamrudisha, akamkalisha kwenye sofa. Alimpa chai. Alimkatia mkate vipande vidogo. Mama akinyoosha mkono kuchukua kikombe, Siham alimuwahi.

"Wewe kaa tu, mama. Mimi nipo."

Walikaa Walthamstow, huko kwa Waingereza, karibu na mtaa wa soko. Mwaka ulikuwa 2003. Bi Ummukulthum alikuwa na miaka sabini na miwili, mzaliwa wa Wete, Pemba. Mwezi wa Januari aliteleza sokoni kwenye majani ya kabichi, akaanguka. Mfupa haukuvunjika, Alhamdulillahi. Alilala hospitali siku kumi, akarudi nyumbani, akawekwa kwenye sofa. Na hapo kwenye sofa ndipo balaa lilipoanza.

Msimlaumu Siham. Kwetu mama akiugua, hainui hata kijiko. Mtoto akimwacha mama mgonjwa ajinyanyue mwenyewe, watu watamsema mpaka Maskati. Siham alikuwa karani wa ofisi, na alichukua likizo ndefu ili amuuguze mama. Alimhudumia kwa mapenzi. Lakini baada ya wiki nane, miguu ya Bi Ummukulthum ilikuwa imekonda na haikuweza kumbeba.

Katikati ya Machi akaja Francis, afisa wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, anayeshughulikia wazee. Alikuwa mtu mpole, mwenye faili kubwa. Alimwomba Bi Ummukulthum asimame peke yake. Bi Ummukulthum alijaribu mara tatu. Hakuinuka hata shibiri moja.

Francis alieleza jambo kwa Kiingereza, polepole. Siham alimtafsiria mama.

"Anasema atarudi baada ya wiki sita, mama. Basi."

Francis alipoondoka, Bi Ummukulthum alimtazama binti yake.

"Siham, miaka ishirini nimekaa mji huu. Hayo uliyoyaficha nimeyasikia."

Siham aliinamisha kichwa. Francis alikuwa amesema hivi: likizo ya Siham ikiisha, mama atabaki peke yake mchana. Kama hawezi kuinuka na kufika chooni bila kushikwa, si salama. Itabidi wazungumze kuhusu nafasi katika nyumba ya wazee, kule Barking.

"Nimezaa watoto wanne," Bi Ummukulthum alisema. "Leo nikaoshwe na watu nisiowajua?"

Alilia. Siham naye alilia. Siku ile hakuna aliyekula.

Wiki iliyofuata alikuja Jaspreet. Yeye alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ametumwa na daktari. Alikuwa Singasinga, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi alikozaliwa.

"Mama, habari ya wewe? Hebu simama nione."

Siham aliruka, akamshika mama makwapani.

"Ngoja, ngoja!" Jaspreet alisema. "Siham, mikono yako ina nguvu sana siku hizi?"

"Ndiyo. Mpaka mgongo unauma."

"Bas. Wewe ndiye unafanya mazoezi hapa. Mama anakaa tu."

Siham alikasirika. "Dada, huyu ni mama yangu. Unataka nimwangalie akihangaika?"

"Ndiyo," Jaspreet alijibu. "Msuli usipofanya kazi, unaisha. Kila ukimbeba, miguu yake inalala zaidi. Unampenda mama, lakini unammaliza."

Maneno yale yalimchoma Siham. Bi Ummukulthum alikuwa akitazama mkoba wa Jaspreet, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu cha njano.

Ulikuwa mpira mrefu wenye tundu katikati, mfano wa mrija wa kunyweshea bustani, lakini mwembamba na laini. Huku na huku ulikuwa na vishikio.

"Hii mpira ya njano ndiyo nyepesi," Jaspreet alisema. "Ukiivuta, inakuvuta. Msuli unapigana nayo, unapata nguvu."

Kwanza alimtoa Bi Ummukulthum kwenye sofa, akamkalisha kwenye kiti kigumu cha kulia. Mgongo wa kiti aliuegemeza ukutani ili kisirudi nyuma. Alimvisha viatu. Alipitisha mpira chini ya kiatu, katikati ya unyayo, akampa mama vishikio vyote viwili.

"Inua goti. Sasa sukuma mguu mbele. Moja, mbili, tatu. Rudisha polepole. Moja, mbili, tatu. Usibane pumzi. Hesabu kwa sauti, hutabana."

Mguu wa Bi Ummukulthum ulitetemeka. Alisukuma mara nne, jasho likamtoka.

"Inatosha leo," Jaspreet alisema. "Fanya siku moja, pumzika siku moja. Ukizoea, fika mara nane, halafu kumi. Mwisho jaribu kusimama kutoka kwenye kiti. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, acha mara moja, ita daktari. Na usifunge mpira kwenye kitasa cha mlango. Mtu akifungua, itakupiga."

Wakaanza. Siham aliona haya kama anamtesa mama yake. Jirani mmoja wa Kipemba alipomkuta Bi Ummukulthum akivuta mpira huku anahema, alishika mdomo.

"Siham! Mgonjwa unamfanyisha gwaride?"

Lakini Bi Ummukulthum alikuwa na yake. Kabla ya kila zoezi alitaka kusuguliwa mafuta ya karafuu, kwenye magoti na viganjani. Mafuta yenyewe yalitoka Pemba, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Ndipo alipoushika mpira. Wakimaliza, Siham aliutundika ukutani, juu ya chuma cha kupashia nyumba joto.

Wiki ya tatu alisukuma mara nane. Wiki ya nne aliinuka kidogo kwenye kiti, akahesabu moja, akakaa. Walicheka wote wawili mpaka machozi.

Zikabaki siku kumi Francis arudi. Asubuhi ile Bi Ummukulthum alisukuma mguu mbele, akavuta vishikio kwa nguvu. Paa! Mpira ukakatika. Kipande kimoja kilimpiga juu ya jicho. Alipiga ukelele, akashika uso, na damu ikapita katikati ya vidole vyake.

"Mama! Jicho! Nionyeshe jicho!"

Jicho lilikuwa zima. Unyusi ndio uliochanika. Siham alimfunga kitambaa.

"Basi! Hakuna mpira tena. Nilijua mimi!"

Alimnyanyua mama, akamrudisha kwenye sofa. Ilipita siku moja, ya pili, ya tatu. Siham alirudi kumbeba mama kama zamani, na mama alikubali. Kila mmoja alihesabu siku kimoyomoyo. Barking haikutajwa, lakini ilikuwa imekaa nao mezani.

Siku ya nne Jaspreet alikuja. Aliona kidonda. Aliomba mpira. Aliupapasa, ukamnatanata vidoleni. Ulikuwa na mipasuko midogo mingi. Akaunusa.

"Mbona inanuka karafuu?"

Siham alimweleza kuhusu mafuta. Jaspreet alikaa chini kwa kishindo.

"Mafuta yanakula mpira. Mafuta yoyote, hata ya nazi. Na joto la ukutani limeongeza. Haya ni makosa yangu. Nilisema habari ya mlango, habari ya mafuta sikusema. Tena nilipaswa kuwaambia muangalie mpira kila siku kabla ya kuvuta. Mama, nisamehe."

Alitoa mpira mpya wa njano. Siham alitikisa kichwa.

"Dada Jaspreet, chukua mpira wako. Mie siwezi kuona damu ya mama mara ya pili."

"Siham," mama alisema.

"Mama, tafadhali..."

"Siham! Damu ni yangu, na miguu ni yangu. Niwekee kile kiti ukutani."

Siham alisita. Kumkatalia mama hakuweza. Kumtii aliogopa. Mwisho alikileta kiti.

Bi Ummukulthum alinawa mikono kwa sabuni katika beseni pale kitini, akaikausha kwa taulo. Aliuvuta mpira kidogo kidogo mbele ya dirisha, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta ufa. Hakuuona. Alipoweka mguu, uso wake ulikuwa umejaa hofu, na hakuificha.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Lakini Barking naiogopa zaidi. Hesabu."

Siham alihesabu. Tangu siku ile mafuta ya karafuu yalipakwa baada ya zoezi tu. Mpira ulipanguswa kwa kitambaa kibichi, ukakauka wenyewe, ukawekwa sandukuni mbali na joto na jua.

Francis alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alifungua faili lake.

"Mwambie asimame," alisema.

Bi Ummukulthum alikuwa tayari kwenye kiti. Aliweka miguu sawa, akainama mbele, akasukuma. Aliinuka nusu. Magoti yakacheza. Akaanguka tena kitini.

Siham alinyanyuka mbio, mikono mbele.

"Kaa!" mama alimwambia. "Ukinishika, umenipeleka Barking mwenyewe."

Siham alikaa. Alikalia mikono yake. Alikuwa hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile maishani mwake.

Bi Ummukulthum alivuta pumzi. "Bismillahi." Akainama. "Moja." Akasukuma. "Mbili." Miguu ilitetemeka, kanga ikatetemeka, hata kiti kikalia. "Tatu."

Akasimama.

Alipiga hatua moja, akashika meza. Akaacha meza. Alivuka chumba, akatoka ukumbini, huku Francis akimfuata taratibu. Alifika chooni. Aligeuka, akamtazama yule bwana, halafu akamtazama binti yake. Aliingia ndani, akafunga mlango. Wakasikia komeo likisukumwa.

Zilikuwa zimepita wiki kumi na nne tangu mama yule alipojistiri peke yake mara ya mwisho. Siham aliegemea ukuta wa ukumbini, akalia kwa sauti. Francis aliandika kwenye faili lake, kisha akamsomea: mama anaweza kubaki nyumbani.

Mlango ulifunguliwa. Bi Ummukulthum alitoka, mikono imelowa maji, anatweta.

"Siham, unalia nini?" aliuliza. "Mgeni yuko hapa tangu saa nne, na hujampa hata chai. Nipishe nipite."