Hesabu ya Mwalimu Shehe

Mwalimu Shehe Mwakasi alikutwa amelala chali jikoni kwake, ghorofa ya tatu, Randburg, Johannesburg, wiki moja baada ya uchaguzi wa Congo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Januari 2019. Kisogo chake kilipasukia kwenye pembe ya kaunta. Kiti kilipinduka, vikombe viwili vilivunjika, na simu yake haikuonekana.

Mezani, hatua mbili kutoka kwenye maiti, kulikuwa na karatasi moja imenyooka kama shuka ya kitanda cha wageni.

Kapteni Zabibu Mokoena wa upelelezi hakuipenda karatasi ile tangu alipoitia machoni.

"Amekufa jana alasiri," alisema daktari wa polisi. "Mtu kamsukuma kwa nguvu. Lakini hakufa papo hapo. Nusu saa, pengine zaidi."

Zabibu alizaliwa Morogoro, baba mkimbizi wa siasa kutoka Soweto, mama Mluguru. Kiswahili alikinyonya kwa mama, ndiyo maana kila kesi yenye Mkenya, Mcongo au Mrundi ilitupwa mezani kwake. Wenzake waliita bahati. Yeye aliita adhabu.

Aliyeikuta maiti ni mlinzi wa lango, Mcongo aitwaye Thierry.

"Nani alikuja kwake jana?"

"Eish, Madame, moja tu. Alain. Iko ndani ya kitabu cha wageni, saa nane ya mchana. Walibishana, mi nilisikia mpaka huku chini."

"Baada ya hapo?"

"Hakuna mtu."

Alijibu upesi mno, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Zabibu alimwacha kwanza. Mwenye uongo ukimpa muda huuongeza.

Léocadie Mapendo, mkuu wa Mtandao wa Kura Wazi, alifika akilia. Mtandao huo wa kiraia ulikuwa umepeleka waangalizi kutoka nchi jirani, na Shehe, Mkenya wa Kwale mwenye kufundisha hisabati hapa Randburg, alijitolea. Walimpanga kituo kimoja: shule ya msingi ya Kalembo, kusini mwa Congo.

"Leo saa kumi na moja tunasoma ripoti Sandton," Léocadie alisema. "Shehe alikuwa alete hesabu yake mkononi. Hakuamini kutuma kwa simu."

"Ni hii?"

Léocadie aliitazama karatasi. Kila kura inapofunuliwa na kusomwa kwa sauti, mwangalizi hutia alama yake. Chini kulikuwa na jumla: upinzani 204, chama tawala 143.

"Ndiyo. Kalembo. Upinzani umeshinda."

"Na ikiwa si ya kweli?"

"Karatasi moja ya uongo, Kapteni, na vituo vyote mia mbili wanavitupa jalalani. Ndicho chama tawala wanachokingoja. Kazi ya watu wote hao itakuwa bure."

Zabibu alitazama saa. Saa nne na nusu.

Alain alikamatwa saa sita dukani kwake Mayfair. Alikuwa kada wa chama tawala, na mitandaoni alikuwa ameapa kwamba waangalizi watajuta.

"Ulikwenda kwa mwalimu kufanya nini?"

"Kumwambia asiingilie mambo yetu."

"Ukamsukuma."

"Nilimtukana, basi. Yeye alicheka akanipa chai."

"Karatasi yake uliiona?"

"Hakunionyesha."

Zabibu alimchukia kwa dhati, na chuki ile ndiyo iliyomtia shaka. Kada wa chama tawala amuue mtu, kisha aache mezani karatasi inayosema chama chake kimeshindwa? Mwizi haachi alichofuata.

Alirudi Randburg akafungua droo za marehemu. Kati ya madaftari ya shule alikuta hesabu ya kura za kumchagua kiranja wa darasa, kwa mwandiko wa Shehe: vijiti vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yake. Akaiweka karatasi ya Kalembo pembeni.

Hapakuwa na kijiti. Kulikuwa na miraba midogo: mistari minne kuzunguka, wa tano umekata katikati. Tano, tano, tano, hadi mwisho. Anayehesabu haraka hachagui alama. Mkono hufuata shule iliyoufunza, na miraba ile hufunzwa shule za Congo.

Saa nane aliwakalisha meza moja kituoni Alain na katibu wa mtandao, Évariste Kabongo, mmoja wa wachache waliojua Shehe anayo hesabu nyumbani. Évariste, mzee wa kanisa aliyesoma kwa mapadri hukohuko Kalembo, alikuwa na nywele za mvi na suti iliyopigwa pasi.

"Nasoma kura. Kila mmoja ahesabu."

"Mchezo wa watoto," Alain alinung'unika.

"Basi cheza. A. A. B. A. B. B..."

Alisoma kura thelathini, haraka. Alain, aliyelelewa Johannesburg tangu utotoni, alichora vijiti na mkato. Évariste alichora miraba.

Alain akatolewa nje, akaingizwa Thierry.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Nani mwingine alikuja?"

Thierry alimtazama Évariste, akavua kofia yake. "Papa Évariste. Saa tisa. Huyu ni mzee wetu wa kanisa, Madame! Mzee anakuombea mtoto wako mgonjwa, utamwambia aandike jina mlangoni sawa mtu wa kuleta pizza?"

"Nenda, mwanangu," Évariste alisema taratibu. "Si kosa lako."

Walipobaki wawili, Zabibu aliisogeza karatasi mbele yake.

"Hesabu ya kweli iko wapi?"

Évariste aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Vijiti. Upinzani 143, chama tawala 204.

"Nilishindwa kuichana," alisema. "Nilimwomba tu aniachie niibadilishe. Akakataa. Nikamvuta, akanivuta, nikamsukuma."

"Ukadhani amekufa."

"Alikuwa amenyamaza."

"Alikuwa anapumua, mzee. Nusu saa nzima. Wewe ulikaa mezani unachora kura mia tatu arobaini na saba, simu yako na yake zikiwa mfukoni mwako."

Évariste alifunika uso. Zabibu hakumwonea huruma, na hakujilazimisha.

"Kwa nini? Kituo kimoja kati ya mia mbili!"

"Kalembo ni kwetu. Mdogo wangu Cédric alipigwa risasi na askari wa serikali kwenye maandamano, akafa pale pale nje ya shule. Watu wa mtaa wote walimzika. Walilia na sisi, walikaa matanga na sisi." Aligusa karatasi ya vijiti kwa kidole. "Nikamwambia Shehe, waliibiwa kura. Akasema hapana, ndugu yangu, nilikuwepo tangu alfajiri. Hakuna aliyetishwa. Walipanga foleni, wakachagua."

"Na hilo ndilo ulilolikataa."

"Wizi tumeuzoea, Kapteni. Wizi ningeuvumilia. Lakini wao walichagua wenyewe."

Zabibu alimpigia Léocadie simu, akamsomea namba za kweli. Léocadie naye alikuwa na maiti wake kwenye maandamano yale.

"Utazisoma?"

"Nitazisoma," Léocadie alisema. "Kama alivyozihesabu."

Saa kumi na moja na robo, ukumbini Sandton, kituo cha Kalembo kilitajwa. Chama tawala, mia mbili na nne. Wapinzani waliojaa nyuma walizomea, wakapiga kelele kwamba mwangalizi huyo amehongwa, na wakataka jina lake.

Léocadie akawatajia.